Wiki Mbili Mbali na Nyumbani: Warsha za Wachoraji na Ukuaji wa Ubunifu Kusini na Mashariki mwa Afrika

Katika Kiswahili cha leo neno warsha limezoeleka zaidi kwa maana ya mkutano wa mafunzo: ukumbi wa hoteli, mada zinazowasilishwa kwa zamu, chai ya saa nne na posho ya kujikimu. Warsha ya wachoraji inayozungumziwa katika makala haya haina mada, haina mwezeshaji, na mara nyingi haina posho. Ni kambi. Wachoraji wapatao ishirini au zaidi kidogo, baadhi yao wenyeji na wengine kutoka nchi za mbali, hukusanyika mahali palipojitenga na mji kwa muda wa wiki mbili hivi. Hupewa rangi na turubai bila malipo, hulishwa, hulazwa, kisha huachwa wachore. Siku ya mwisho milango hufunguliwa ili majirani, wanunuzi na waandishi waone kilichofanyika.

Mpango huu unaonekana rahisi mno kuweza kumbadilisha mtu aliyekwisha kukomaa katika kazi yake. Hata hivyo, wachoraji kadhaa wa Afrika ambao kazi zao sasa zimo katika majumba makubwa ya sanaa walipitia kambi za namna hii, na mabadiliko katika kazi zao yanaonekana kwa macho. Makala haya yanaeleza mpango huo ulikotoka, ulivyoingia Afrika Kusini katika kipindi kigumu cha miaka ya 1980, sababu ya kupingwa kwake, na kile hasa kinachotendeka katika siku hizo kumi na nne. Mkazo umewekwa kwenye warsha ya Thupelo ya Johannesburg, kwa kuwa ndiyo iliyozaa nyingine nyingi na ndiyo iliyobishaniwa zaidi.

Karakana zilizotangulia

Kabla ya Thupelo, Afrika ilikuwa na njia zake za kuwakusanya wachoraji pamoja. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, alianzisha karakana mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Karakana hiyo ilijulikana kwa jina la Hangar. Romain-Desfossés aliwapa vijana karatasi, rangi na mahali pa kufanyia kazi, akajizuia kuwafundisha kanuni za Ulaya za kuchora umbali na kivuli, na hakutaka waige picha za Wazungu. Matokeo yake hayakufanana. Pilipili Mulongoy alijaza karatasi zake samaki na ndege, kila gamba na kila unyoya umehesabiwa. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyolala sambamba kama nyuzi za mkeka. Bela aliacha brashi akatumia ncha za vidole. Watu watatu chini ya paa moja walitoka na mikono mitatu tofauti, na hilo linathibitisha kwamba mlezi wao hakuwalazimisha waige mfano mmoja.

Lakini mlezi anayesimama mlangoni ili athari za nje zisiingie huamua pia yupi aliye ndani na kitu gani ni cha nje. Romain-Desfossés alikuwa na maoni yake kuhusu picha ya Mwafrika inavyopaswa kuwa, na wachoraji wake hawakupewa nafasi ya kuyapima maoni hayo kwa kuona mengine. Alipofariki mwaka 1954, Hangar haikudumu peke yake. Wachoraji wake walihamia katika chuo cha sanaa cha mji huo.

Njia nyingine ni ile ya Edward Saidi Tingatinga, ambaye mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi za kung'aa zilizotumika kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya mbao laini, na kuziuza picha zake karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, Dar es Salaam. Alijizungushia ndugu na jamaa wachache kama wanagenzi. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, lakini mtindo wake umeendelea kupitia kwa wanagenzi hao na wanagenzi wa wanagenzi wao. Hapa mwanafunzi hujifunza kwa kunakili mkono wa bwana wake mpaka wa kwake uzoee, na riziki huja mapema, kwa sababu mnunuzi anaijua tayari picha anayoitaka. Ni uanagenzi halali, sawa na wa fundi seremala au fundi cherehani. Ugumu wake hujitokeza pale mwanagenzi anapotaka kuchora kitu ambacho hakuna mnunuzi anayekitarajia.

Kutoka ziwa la Kanada hadi Johannesburg

Mpango wa wiki mbili ulianzia mbali. Katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, kando ya ziwa liitwalo Emma Lake, kulikuwa na shule ya sanaa ya kiangazi tangu miaka ya 1930. Kuanzia mwaka 1955 palifanyika hapo pia warsha za wasanii waliokwisha kukomaa, na wageni kutoka miji mikubwa walialikwa waje kufanya kazi pamoja na wenyeji wa jimbo hilo lililojitenga. Mchongaji wa Uingereza Anthony Caro alikuwa mgeni huko mwaka 1977. Mwaka 1982 yeye na Robert Loder, mfanyabiashara Mwingereza aliyependa kukusanya kazi za sanaa na aliyewahi kuishi Afrika Kusini, waliitisha warsha yao katika shamba moja huko Pine Plains, jimbo la New York. Waliipa jina la Triangle, yaani pembetatu, kwa kuwa washiriki walitoka nchi tatu: Marekani, Uingereza na Kanada. Ilikusudiwa iwe mara moja tu. Ikawa desturi ya kila mwaka.

Miongoni mwa waliohudhuria mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980 walikuwamo Bill Ainslie na David Koloane kutoka Johannesburg. Ainslie, mchoraji Mzungu, alikuwa ameanzisha shule ya sanaa iliyopokea watu wa rangi zote wakati sheria na desturi za nchi zilikwenda kinyume na jambo hilo. Koloane, aliyezaliwa Alexandra mwaka 1938, alikuwa amesoma kwa Ainslie katika miaka ya 1970. Waliporudi nyumbani walianzisha, mwaka 1985, warsha waliyoiita Thupelo, neno la Kisotho lenye maana ya kufundisha kwa mfano.

Umuhimu wa hatua hiyo hauwezi kueleweka bila kujua mchoraji Mwafrika wa Johannesburg alikuwa na nini mkononi wakati huo. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 haikuacha nafasi kubwa kwa sanaa katika shule za Waafrika. Kituo cha Polly Street, ambako Cecil Skotnes alianza kufanya kazi mwaka 1952, kilikuwa kimewalea wengi lakini kwa saa za jioni tu, baada ya kibarua. Shule ya sanaa ya Rorke's Drift huko Natal, moja ya mahali pachache ambapo Mwafrika aliweza kusomea uchoraji kwa muda kamili, ilikuwa imefunga masomo hayo mwaka 1982. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 ilimzuia mchoraji Mwafrika kukodi chumba cha kazi mjini. Alichorea nyumbani, katika nyumba ya vyumba vinne ya Soweto iliyojaa watu, juu ya meza iliyongoja chakula cha usiku. Jambo hili halitiliwi maanani vya kutosha na wanaozungumzia mitindo. Picha ndogo za rangi ya maji, penseli na mkaa zilizoonekana kama tabia ya sanaa ya Waafrika wa Afrika Kusini zilitokana, kwa sehemu kubwa, na ukubwa wa meza na bei ya karatasi.

Soko nalo lilikuwa na matakwa yake. Wanunuzi, wengi wao Wazungu wenye huruma, walitaka picha za mitaa ya Waafrika: mama aliyebeba mtoto, wapiga muziki wa barabarani, vibanda vya mabati, nyuso za majonzi. Mchoraji aliyejua kuzichora alipata chakula. Baada ya miaka kumi ya kuzichora, mkono wake ulizijua kuliko alivyojijua mwenyewe.

Ugomvi juu ya picha zisizo na watu

Katika Thupelo washiriki walikuta turubai kubwa, ndoo za rangi za akriliki, na sakafu pana. Wengi wao hawakuwahi kupata rangi kwa wingi wa namna hiyo. Walimwaga, walikwangua, walitandika turubai chini na kuzunguka pande zote nne. Picha nyingi zilizotoka zilikuwa za dhahania: uwanda wa rangi, mikwaruzo, tabaka juu ya tabaka, bila mama wala mtoto wala kibanda.

Lawama zilikuja kutoka pande mbili ambazo kwa kawaida hazikukubaliana. Upande mmoja walikuwapo wahakiki walioona kwamba Waafrika walikuwa wanapotezwa na mtindo wa New York wa miaka ya 1950, uliokwisha kuchakaa kwao na sasa ukauzwa Soweto kwa msaada wa fedha za Marekani. Upande wa pili walikuwapo wanaharakati. Katika mkutano wa Utamaduni na Upinzani uliofanyika Gaborone mwaka 1982, wasanii wengi walikuwa wamekubaliana kujiita wafanyakazi wa utamaduni na kuiweka sanaa katika utumishi wa ukombozi. Mwezi Julai 1985, serikali ya makaburu ilitangaza hali ya hatari katika sehemu kubwa za nchi. Watoto walipigwa risasi barabarani. Je, huo ulikuwa wakati wa mchoraji Mwafrika kujifungia katika kambi na kumwaga rangi ya buluu?

Swali hilo ni zito, na haifai kulipuuza kwa kuwa tu historia imeupa ushindi upande wa uhuru wa msanii. Mabango na picha za kuchapwa za miaka ile zilifanya kazi ambayo turubai ya dhahania isingeweza kuifanya: zilibandikwa ukutani usiku, na asubuhi watu walizisoma.

Jibu la Koloane, alilolieleza kwa maandishi yake ya baadaye, lilielekezwa zaidi kwa wahakiki. Alionyesha kwamba mchoraji Mzungu wa Johannesburg aliyeathiriwa na Paris au New York hakuulizwa ameutupa wapi utambulisho wake. Swali hilo aliwekewa Mwafrika peke yake. Mtawala amekwisha kumwambia Mwafrika mahali pa kuishi, shule ya kusoma na kazi ya kufanya. Mhakiki anayemwambia pia kitu cha kuchora, hata akiwa na nia njema, anaongeza ukuta mwingine. Kwa hoja hii kuchora dhahania hakukuwa kukimbia siasa. Kulikuwa kudai haki ambayo wengine walikuwa nayo bila kuidai. Miaka michache baadaye, mwaka 1989, Albie Sachs, mwanasheria na mpigania uhuru aliyepoteza mkono kwa bomu, aliandika kwa ajili ya semina ya chama cha ANC waraka uliopendekeza kwamba wanachama waache kwa muda kusema kuwa utamaduni ni silaha ya mapambano. Waraka huo haukuwa na habari za Thupelo, ila ulionyesha kwamba hata ndani ya harakati zenyewe watu walikuwa wameanza kuchoshwa na picha zinazojulikana kabla hazijachorwa.

Wachoraji wenyewe hawakubaki katika dhahania. Koloane alirudi kwenye mji wake: moshi, taa za magari, na mbwa. Michoro yake ya mbwa wa mitaani, ikiwamo ile aliyoiita Mgodoyi ya mwaka 1993, ina mikwaruzo mikali na tabaka nzito ambazo hazikutoka katika picha za vibanda vya mabati. Durant Sihlali, aliyekuwa bingwa wa rangi ya maji na ambaye alizichora kwa uaminifu nyumba za Waafrika zilizokuwa zikibomolewa, aligeukia katika miaka ya baadaye kuta zenyewe, akitumia majimaji ya karatasi iliyopondwa ili kupata uso wa ukuta uliochubuka. Habari ni ileile ya ubomoaji, lakini sasa jeraha limo katika uso wa picha.

Kinachotendeka katika siku kumi na nne

Warsha hizi zimejengwa juu ya masharti machache ambayo yanaonekana ya kiutawala tu, ingawa kila moja lina kazi yake. Umbali na mji humwondolea mchoraji wageni, madeni na simu ya mnunuzi. Kutokuwapo kwa mada humnyima kisingizio; hawezi kusema amechora alivyoagizwa. Vifaa vya bure huondoa hofu ya kuharibu, na hofu hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na watu ambao hawajawahi kununua rangi kwa fedha ya kodi ya nyumba. Mtu mwenye turubai moja huichora kwa namna anayoijua. Mwenye kumi anaweza kuzipoteza tatu. Rangi ya akriliki nayo inafaa kwa sababu hukauka haraka: tabaka la pili linaweza kuwekwa siku hiyohiyo, ilhali rangi ya mafuta ingeweza kumaliza wiki yote ya kwanza ikiwa bado mbichi.

Muda wenyewe umepimwa vizuri. Siku za mwanzo mchoraji hutoa alichokuja nacho; huchora picha ileile anayoiuza nyumbani, pengine kwa ukubwa zaidi, na huwa na haraka ya kuwaonyesha wenzake kwamba si mgeni katika kazi. Kisha akiba huisha. Hapo katikati ndipo uzito wa kambi ulipo, kwa kuwa hakuna pa kwenda na jirani yupo mita chache akifanya jambo lisiloeleweka. Mchoraji husimama kwa jirani. Huuliza rangi ile imekaaje, au hukaa kimya na kutazama. Hakuna anayefundisha, na ndiyo maana jina la Thupelo linafaa sana. Siku za mwisho huja na mashaka ya kufungua milango, na baadhi ya picha bora huchorwa wakati huo, zikiwa hazijakamilika kwa vipimo vya mchoraji mwenyewe.

Si kila anayekwenda hubadilika. Wapo wanaorudi na picha zilezile, na wapo wanaoiga kwa siku kumi na nne mtindo wa mgeni mwenye sauti kubwa kuliko wote kambini. Hatari hii ya pili ni ya kweli, na wahakiki wa Thupelo hawakuibuni. Dawa iliyotumika ni kuchanganya watu wa nchi nyingi kiasi kwamba hakuna mtindo mmoja unaotawala, na kutomwalika mtu kwa sifa za kuwa mkubwa.

Kurudi nyumbani

Thupelo ilizaa kwa haraka. Pachipamwe ilianza Zimbabwe mwaka 1988 na Thapong Botswana mwaka 1989. Baadaye zikafuata Ujamaa ya Msumbiji, Mbile ya Zambia, Tulipamwe ya Namibia na Wasanii ya Kenya. Inafurahisha kuona neno la Kiswahili likichaguliwa huko Maputo, ingawa kwa Msumbiji, ambayo wapiganaji wake wa uhuru walikuwa na makao Tanzania na ambayo Wamakonde wake wanaiita ujamaa aina mojawapo ya vinyago vyao, neno hilo halikuwa geni. Ainslie hakuyaona mengi ya haya. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1989 akirejea kutoka warsha ya Pachipamwe.

Tatizo lililojitokeza kila mahali ni lile la siku ya kumi na tano. Mchoraji amezoea turubai ya mita mbili, anarudi kwenye meza ileile. Amejifunza kupoteza rangi, na rangi hana. Kwa hiyo warsha peke yake inaweza kuwa ukatili wa aina yake: inamwonyesha mtu chumba, kisha inafunga mlango. Waandaaji walilitambua jambo hili. Mwaka 1991 Koloane na Loder walishiriki kuanzisha vyumba vya kazi katika kiwanda cha zamani cha mifuko huko Fordsburg, Johannesburg, mahali panapojulikana kwa jina la Bag Factory, ambako Waafrika, Wazungu na wageni walipanga chini ya paa moja kabla sheria za ubaguzi hazijaisha zote kufutwa. Kuona Trust ilianza Nairobi mwaka 1995 katika eneo la Makumbusho ya Taifa, ikiwapa wachoraji vijana mahali pa kukaa na kuchora kila siku. Dar es Salaam ilipata Nafasi Art Space mwaka 2008, huko Mikocheni, ambako makontena ya mizigo yamegeuzwa kuwa vyumba vya wasanii. Jina la Nafasi limechaguliwa kwa busara: kwa Kiswahili ni mahali, na ni fursa pia. Katika vituo hivi warsha fupi ina maana zaidi, kwa sababu kile kilichoanzwa kambini kina pa kuendelezwa.

Limebaki suala la nani anaweza kwenda. Wiki mbili mbali na nyumbani ni jambo jepesi kwa kijana asiye na familia, na si jepesi kwa mwanamke mwenye watoto, au kwa mtu yeyote anayelipwa kwa siku. Orodha za washiriki wa miaka ya mwanzo zilijaa wanaume, na maelezo kwamba wanawake wachoraji walikuwa wachache hayatoshi. Kambi yenyewe iliwachuja kabla ya kamati kukaa. Mifano ya waliopenya inaonyesha kilichokuwa kikikosekana. Mmakgabo Helen Sebidi, aliyezaliwa mwaka 1943 na kulelewa na bibi yake aliyekuwa hodari wa kupamba kuta za nyumba, alifanya kazi za ndani Johannesburg kwa miaka mingi huku akichora picha za maisha ya kijijini. Katika miaka ya 1980 alipitia shule ya Ainslie na warsha za Thupelo. Baada ya hapo alianza kuchana michoro yake mwenyewe na kuibandika upya, kipande juu ya kipande, mpaka miili ya watu na wanyama ikabanana bila nafasi ya kupumua. Kazi yake kubwa ya mkaa, pasteli na vipande vya kubandikwa iitwayo Tears of Africa ni ya miaka 1987 na 1988. Mwaka 1989 alipata tuzo ya taifa ya Standard Bank kwa wasanii vijana, akiwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuipata, na umri wake ulikuwa miaka 46.